Ugali Ulioitika Taa

Ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya kupima umeme wa ubongo, nawaanzia na jambo ambalo hamtaulizwa kwenye mtihani: msisugue vifungo. Sababu nitaieleza, ila itachukua muda, maana inapita Butiama na Kibara na ina ugali ndani yake. Mwenye haraka anaweza kwenda. Amri ameshaisikia.

Mimi naitwa Nyangeta. Nimefanya kazi hiyo Musoma, hospitali moja, chumba kimoja, tangu kile kipindi ambacho tulikuwa tunaitafuta sabuni kama ndugu aliyepotea, mpaka kipindi cha ruksa ambacho sabuni ndiyo ilikuwa inatutafuta sisi, imepangwa kandokando ya barabara pale Iringo kwa rangi zote. Niliingia na cheti cha darasa la saba. Niliajiriwa kufagia.

Chumba cha kupimia nilipewa kwa sababu ya kusuka. Mchana mmoja nilikuwa kwenye baraza namsuka muuguzi, akapita tabibu wetu, Bwana Chirangi. Yeye ndiye pekee aliyekuwa amesomea ile mashine, miezi michache huko Dar es Salaam. Alikuwa mtu mrefu, hacheki, na kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Alisimama akaangalia kichwa cha muuguzi.

"Binti, hizo njia umezigawa kwa rula?"

"Hapana, Bwana Chirangi. Kwa kidole."

"Ziko sawasawa."

"Zikienda upande mtu anaonekana kama ametoka kuanguka."

Alifikiri kidogo. "Kesho usifagie," akasema. "Njoo chumba cha mwisho."

Mashine ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo. Ilikuwa na kalamu nane zinazolala juu ya karatasi ndefu, na karatasi inajivuta yenyewe. Kichwani kwa mtu tunabandika vifungo vya fedha, vidogo kama vya shati, kila kimoja na waya wake. Ubongo una umeme, mdogo mno, hauwezi kuwasha hata taa ya baiskeli, lakini kalamu zinausikia na kuuandika mawimbi mawimbi.

Halafu kuna taa. Hapo ndipo kazi ilipokuwa tamu. Hatuchomi sindano, hatupasui, hatugusi chochote cha ndani. Mtu amelala, amefumba macho, tunasimamisha mbele ya uso wake taa inayomweka, polepole kwanza, kisha haraka zaidi, na sisi tunaangalia gamba la nje la ubongo linavyoitika. Kwa watu wengi huitika kwa adabu, mawimbi madogo huko kisogoni, maana macho yako mbele lakini ubongo wa kuona uko nyuma. Kwa wachache, ubongo unaidaka ile taa na kuruka nayo, mawimbi yanakuwa makali kama meno ya msumeno. Mtu wa namna hiyo anaweza kuangushwa na jua linalopenya kwenye miti, au linalochezacheza juu ya maji. Huyo ndiye tuliyekuwa tunamtafuta.

Mimi lakini nilikuwa natafuta kingine. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na niliamini nikikaa na mistari ile vya kutosha nitaweza kusoma anachoota mtu. Sikumwambia Bwana Chirangi. Nilikuwaga nawauliza wagonjwa kwa siri: "Hapa kalamu zilipopanda, ulikuwa unawaza nini?" Nikaandika majibu kwenye daftari langu. Nililifunga baada ya majibu kumi na manne. Kumi na mawili yalikuwa "njaa."

Sasa niwaambie tulivyofanya kazi, maana ninyi mnaletewa dawa ya kubandikia kwenye mirija kama ya meno. Yetu ilipokwisha, tulipika uji mzito wa muhogo tukautia chumvi. Unapitisha umeme vizuri kabisa. Ubaya wake ni panya. Ukisahau kuosha vifungo jioni, asubuhi unakuta waya umetafunwa na panya ameketi pembeni hana hata aibu. Wino tuliuomba kwa karani wa ushirika. Karatasi tuliitumia pande zote mbili, kwa hiyo ubongo wa mtu wa Bunda ulikuwa mgongoni mwa ubongo wa mtu wa Makoko, na unapousoma mmoja unageuza kwa uangalifu.

Vichwa vyenyewe vilikuwa na shida yake. Watu wa ziwani walikujaga wamepaka nywele mafuta ya sangara, na umeme haupiti kwenye mafuta. Sabuni hakuna, basi tunawaosha kwa magadi na majani ya mpapai. Mama mmoja wa Makoko nilimwosha, nikamgawa nywele, nikampaka ule uji wa chumvi, naye ametulia tu. Mwisho akauliza: "Mwanangu, mafuta ya samaki yalikuwepo, chumvi umetia, muhogo umetia. Moto unawasha saa ngapi?"

Na kwa sababu nilikuwa naviosha vile vifungo kila siku, siku moja nikaviangalia vizuri. Vilikuwa vyeusi. Weusi mzito, wa kutuama, kama chini ya sufuria ya msiba.

Mimi ni mtoto wa Butiama. Nyumbani kwetu hatukuwa na ng'ombe wengi, lakini tulijulikana kwa sufuria. Mama alituleaga hivyo: sufuria isipong'aa, hulali. Zikianikwa juani kwenye uchanja, mtu wa ng'ambo ya bonde anaweka mkono kwenye macho. Basi niliona haya. Watu wametoka mbali wanaletewa vyombo vyeusi kichwani! Nikachukua majivu ya jikoni na mchanga laini wa ziwani, nikavisugua vyote, kimoja kimoja, mpaka vikawa vyeupe kama meno ya mtoto.

Bwana Chirangi akapita. "Umefanya usafi," akasema.

"Ndiyo, Bwana Chirangi."

"Vizuri."

Kitabu cha mashine kilikuwepo pale mezani. Daktari mgeni aliyeileta alikuwa ameshaondoka, akatuachia kitabu cha lugha ambayo hospitali nzima hakuna aliyeijua. Tulikuwa tunakisoma kwa picha. Kwenye picha vifungo vilikuwa vyeusi. Mimi niliona ni picha mbaya.

Wiki iliyofuata akaja Masatu.

Alikuwa kijana wa Kibara, kama umri wangu, mpiga kasia, mabega mapana na sauti ndogo. Alikuja na mama yake. Siku moja jioni wakiwa wanavuta nyavu, jua limeshuka, ziwa lote linametameta, alianguka ndani ya mtumbwi akatetemeka mwili mzima. Wenzake walimshika shati asiingie majini. Nahodha wao, Mzee Majura, alisema pale pale kwamba mtu wa kifafa hapandi mtumbwi wake mpaka hospitali itamke. Baba yake Masatu alikuwa amefariki. Lile kasia ndilo lililokuwa linamlisha mama na wadogo zake watatu.

Nikamgawa nywele, nikambandika vifungo vyangu vyeupe.

"Dada," akasema, "nikionekana mzima nitarudi ziwani?"

"Tutaona kalamu zinasemaje."

"Zinasemaga kweli?"

"Hazijui uongo," nikamjibu. Nilikuwa nimezifahamu kwa miezi minane.

Nikawasha taa. Kalamu zikaruka. Taa inamweka, kalamu zinaruka. Nikaongeza kasi, nazo zikaongeza. Nikakata karatasi nikakimbia nayo hadi chumba cha wagonjwa wa nje, ambako Bwana Chirangi alikuwa na foleni ya malaria mpaka nje ya mlango na mtoto analia mapajani mwake. Aliiangalia juu ya kichwa cha mtoto.

"Zimeruka na taa?"

"Zimeruka."

"Kila inapomweka?"

"Kila inapomweka, kama zimeitwa jina."

Akaandika barua: vidonge kila siku, asiende ziwani, asikae karibu na moto, asipande juu ya kitu, na akae mbali na jua linalometameta. Masatu aliisoma mara mbili, kisha akaikunja ikawa ndogo sana, ndogo kuliko barua inavyotakiwa kukunjwa. Mama yake akasema, "Basi utakwenda Butiama kwa bibi yako. Kule hakuna ziwa." Mimi nikaenda kuchukua kofia yangu ya majani, ile pana ya kulimia, nikampa. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Baada ya hapo dizeli ya jenereta ikakosekana miezi karibu mitatu. Ilipokuja tulipima watu watatu wiki moja: mwalimu wa Bunda, mama mmoja wa hapo hapo mjini, na dereva wa lori la pamba. Wote kalamu ziliruka na taa. Nilianza kuogopa. Kwa jinsi nilivyoona, mkoa mzima ulikuwa unaelekea kuanguka.

Bwana Chirangi akatandaza karatasi zote mezani, na ya Masatu ikiwemo. Akazitazama muda mrefu.

"Nyangeta," akasema, "lala wewe."

Nikalala. Akanibandika vibaya, vifungo vyote vikaenda upande wa kulia, maana yeye hakujua kusuka. Akawasha taa. Sauti ya kalamu naijua. Hata kwa macho yaliyofumbwa nilisikia zikiruka. Machozi yakaanza kunitoka. Nilijiona nami niko kwa bibi, kivulini, na kofia nimeshaigawa.

"Bwana Chirangi, nina kifafa."

"Nyamaza. Ondoka hapo, ni zamu yangu."

Akalala yeye. Kalamu zikaruka vilevile.

"Tuko wawili sasa," nikasema.

Akakaa kitandani na uji wa muhogo kwenye paji la uso. "Nenda jikoni," akasema, "kaombe ugali. Wa ukubwa wa kichwa."

Mpishi akaniuliza ni wa mgonjwa gani. Nikamwambia ni wa kipimo. Akasema siku hizi hata vipimo vina njaa, lakini akanipa. Ulikuwa ule ugali wa unga wa njano wa msaada, ambao wakubwa wenu wakitajiwa wanameza mate kwa sababu isiyo ya hamu.

Bwana Chirangi alikuwa na sheria: hakipimwi kitu bila kuandikwa kwenye rejista. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri. Jina: Ugali wa Njano. Umri: saa moja. Anakotoka: Jikoni. Kwenye jinsia alifikiri, akapiga mstari.

Tukaubandika vifungo. Kabla ya taa, kalamu zilitulia, mstari mnyoofu kabisa. Ugali hauna mawazo. Tukawasha taa. Kalamu zikaruka.

"Ugali una kifafa," nikasema polepole.

"Au sisi ndio tuna kasoro," akasema. Akavua koti lake, akaufunika ugali na vifungo vyake, taa inaendelea kumweka. Kalamu zikatulia. Akafunua, zikaruka. Akafunika, zikatulia. Alifanya hivyo mara nane. Mimi nilikuwa nimeelewa ya tatu, lakini yeye alikuwa mtu wa uhakika.

"Sio ubongo unaoiona taa," akasema. "Ni vifungo."

Akanivuta mezani penye karatasi. "Ubongo wa kuona uko wapi?"

"Kisogoni."

"Na hapa kwa Masatu zimeruka zipi?"

Nikaangalia. "Za paji la uso. Kule taa inakopiga."

"Nami nilikuwa namwangalia mtoto wa malaria."

Akatoa daftari lake la Dar es Salaam, akafunua mpaka akafika. Fedha ikiwa uchi, ikipigwa na mwanga mkali, inatengeneza kaumeme kake yenyewe. Kwa hiyo vifungo huvishwa ngozi nyeusi kwa makusudi. Ndiyo ngozi inayovifanya viseme ya ubongo badala ya kusema ya kwao. Akalifunga daftari.

"Vilikuwa vyeusi," akasema.

"Vilikuwa," nikasema.

"Nani aliye..."

"Nilidhani ni uchafu, Bwana Chirangi. Nilivisugua kwa majivu."

Nilingoja aniambie nirudi kwenye ufagio. Alivua miwani, akaifuta kwa muda ambao miwani haihitaji. "Nami nilikwambia vizuri," akasema. Akavaa miwani. "Wale watatu bado hawajaondoka na barua. Masatu ameondoka nayo."

"Nitamfuata."

"Utamwambia nini?"

"Ukweli."

"Anza na ugali," akasema. "Ataelewa haraka."

Jumamosi nikapanda lori la pamba mpaka njia panda ya Butiama, njia iliyobaki nikatembea. Nilimkuta Masatu nyuma ya nyumba ya bibi yake anachunga mbuzi sita. Amekaa kwenye kivuli cha ghala, mgongo ameupa jua, kofia yangu imeshuka mpaka puani. Niliona birika la kunyweshea mbuzi limefunikwa majani ya migomba, pameachwa tundu moja la kupitisha mdomo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kofia?"

"Ndiyo, bibi."

"Hayo majani usiyaguse. Maji yakimetameta yatamwangusha. Na mtoni tukienda ananishika mkono anafumba macho, namvusha mimi." Bibi mwenyewe alikuwa anamfika Masatu kiunoni, labda na kidogo.

Nikakaa chini. Nikaanza na ugali kama nilivyoagizwa, nikafika kwenye majivu, nikamaliza. Mbuzi mmoja alikuwa anakula ukingo wa kitenge changu, nikamwacha ale.

"Dada," Masatu akasema chini ya kofia, "ulisema hazijui uongo."

"Nilisema."

"Sijaona ziwa miezi mitatu. Hata hayo maji ya mbuzi sijayaona."

"Najua. Ni mimi."

Bibi ndiye aliyeuliza: "Huo ugali ulikuwa wa nini?"

"Wa njano, bibi."

"Wa njano unaangusha watu hata bila taa," akasema, akaenda zake kuwasha moto.

Masatu hakucheka, ila kofia ilitikisika. Kisha akasema, "Mimi nitakuja kupimwa tena. Lakini hata nikirudi na karatasi, Mzee Majura hasomi karatasi. Anaamini macho yake tu. Asipoona mwenyewe, mimi ni mtu wa kifafa mpaka nife."

Kulikuwa na shida ya pili ambayo sikumwambia. Kuvirudishia vifungo weusi wake kunahitaji vitu vitatu: maji, chumvi, na betri ya tochi. Betri hazikuwepo dukani Musoma, Bunda wala popote. Nikauliza madereva. Kila mmoja aliniambia: betri nzima kwa ukanda ule wa ziwa anayo mzee mmoja wa Kibara, iko kwenye redio yake. Mzee Majura.

Basi nikaenda Kibara. Alikuwa ufukweni anashona nyavu, redio imetundikwa kwenye kigingi karibu na sikio lake, imezimwa. Anaiwasha wakati wa habari tu, ikisha kusema anaichomoa betri na kuianika. Nikamwamkia, nikamweleza yote, ugali na majivu na vifungo.

"Unataka betri yangu," akasema.

"Ndiyo, mzee. Kwa siku moja."

"Betri yangu haisafirigi peke yake."

"Basi njoo nayo, mzee. Ujionee."

Aliangalia ziwa. "Na huyo kijana atakuwepo?"

"Atakuwepo."

Akachomoa betri, akaifunga kwenye leso kama mtu anayefunga dawa.

Siku ya kipimo tulikuwa wanne chumbani: Bwana Chirangi, Masatu, Mzee Majura na mimi. Masatu alimwamkia nahodha wake, nahodha akaitikia akiangalia dirisha. Nikayeyusha chumvi kwenye bakuli, nikafunga waya wa kifungo upande wa betri wenye chuchu, upande wa pili nikafunga waya wa kifungo kibovu, nikavitumbukiza. Fanyeni hivyo hivyo mkikwama. Mapovu yanatoka kwa kile kibovu, na kile chema kinaanza kupoteza uzuri wake: kijivu, zambarau, mwisho cheusi.

"Hiyo inakula betri yangu?" Mzee Majura akauliza.

"Kidogo, mzee."

"Kidogo kama nini?"

"Kama taarifa ya habari moja," akasema Bwana Chirangi.

"Na michezo?"

"Na michezo."

Kifungo kwa kifungo niliviharibu karibu vyote. Mama yangu angeniona angenikana. Kisha tukaanza na ugali, mpya, wa njano, umeandikwa kwenye rejista kwa mara ya pili. Kifungo kimoja nilikuwa nimekiacha cheupe kwa makusudi, nikakibandika katikati ya vyeusi. Taa ikawaka. Kalamu saba zikalala. Moja ikaruka peke yake. Mzee Majura akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Alikaa hapo muda. Sikumweleza kitu.

Kisha Masatu. Nikakibandua kile cheupe nikaweka cheusi, na paji la uso nikalifunika kitambaa kizito, macho tu yakabaki wazi kwa taa. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kitanda kama anashika mtumbwi. Miezi mitatu ameambiwa mwanga utamuua, sasa mimi namwambia alale mbele yake.

"Dada, nikianguka?"

"Tupo watatu, tutakudaka."

"Nahodha naye yupo?"

"Nipo," akasema Mzee Majura.

Taa ikamweka polepole. Paji la uso kimya. Kisogoni, mawimbi madogo ya adabu. Nikaongeza kasi. Kimya. Nikaongeza tena, mpaka pale ambapo taa inakuwa kama kunguru anayepiga mbawa juani. Mawimbi madogo, ya adabu. Bwana Chirangi aliisoma karatasi yote, hatua kwa hatua, safari hii bila mtoto mapajani.

"Taa haimfanyi kitu," akasema. "Lakini alianguka. Hilo halifutiki. Siku ile alikuwaje kabla ya kuanguka?"

Masatu alikaa akafuta uji usoni. Alikuwa anaangalia miguu yake.

"Alikuwa na homa kabla?"

Hakujibu. Hapo nikaelewa kwamba anajua na hawezi kusema, maana anayetakiwa kusema ni mkubwa wake.

"Alikuwa na homa," akasema Mzee Majura. "Siku ya tatu. Alikuwa anatetemeka toka asubuhi. Nilikuwa na upungufu wa mpiga kasia, nikamwambia apande." Alikuwa ameshika ile leso tupu ya betri. "Hospitali iliposema ni taa, nilisema afadhali."

Nje jenereta ilikuwa inaunguruma, dizeli inaisha bure.

"Homa kali peke yake inaweza kumwangusha mtu mzima," Bwana Chirangi akasema mwisho. "Siwezi kuapa kwamba hataanguka tena. Miezi sita akae katikati ya mtumbwi, asiwe peke yake. Akipata homa, hapandi. Hata kama nyavu zinazama."

"Hapandi," akasema nahodha. Akageukia ile karatasi ya ugali, kalamu moja imeruka peke yake. "Kwa hiyo mwaka mzima nimemfukuza kijana wa watu kwa kosa la ugali?"

"Miezi mitatu, mzee," nikasema.

"Miezi mitatu, basi," akasema. "Kwa kosa la ugali na langu."

Masatu akavaa kofia, halafu akaivua, akanirudishia.

Miaka ikapita, mnajua ilivyokwenda. Maduka yakajaa, betri zikaanza kuuzwa na watoto barabarani, dawa ya kubandikia ikaja kwenye mirija, mwisho mashine yenyewe ikawa kioo cha kompyuta. Nasikia siku hizi mnashika sumaku nje ya fuvu, inagonga gamba la ubongo bila kugusa ngozi, nanyi mnapima linavyoitika. Ningependa kuona. Nitauliza swali moja tu: ile sumaku mmeishika kwanza juu ya kitu kisicho na ubongo? Maana kitu hicho kikiitika, walioitika ni ninyi. Viazi vinafaa. Mimi nina imani na ugali.

Nilipostaafu waliniachia dakika chache na rejista ya zamani kabla haijaenda ghalani. Nilifunua mpaka siku ile. Bwana Chirangi ameandika mistari miwili, mwandiko ule ule. Kwenye safu ya matokeo, mbele ya Masatu: "Amerudi mtumbwini." Ni kweli, alirudi, na miezi sita alikaa katikati kama mgeni, na mama yake alituletea sato wawili tukakataa mmoja.

Chini yake, Ugali wa Njano, mara ya pili. Siku ile Masatu na nahodha wake walikuwa wametoka mbali na hawakuwa wamekula. Nilikata upande uliobandikwa vifungo nikawapa kuku, uliobaki nikauweka kwenye sahani moja, bila mboga, chumvi ikiwa imeshaingia yenyewe. Nahodha alimega tonge la kwanza, akamwekea Masatu upande wake, ndipo akamega la kwake.

Bwana Chirangi alikuwa ameandika: "Umeliwa."